Watoto waelezwe nani alitawala mwaka 1962

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, watoto wa shule za Singida, kama wenzao wa nchi nzima, huambiwa kwamba siku hiyo Tanganyika ilipata Uhuru, na kwamba siku hiyo hiyo ni siku ya Jamhuri. Mambo hayo mawili hutamkwa kwa pumzi moja, na kwa kuwa tarehe ni moja, mtoto huyachukua kuwa ni jambo moja. Mwalimu akiuliza Uhuru ulipatikana mwaka gani, darasa zima litajibu 1961. Akiuliza Jamhuri ilianza mwaka gani, wapo watakaojibu 1962. Lakini akiuliza katika miezi kumi na miwili iliyo kati ya tarehe hizo mbili mkuu wa nchi alikuwa nani, si ajabu darasa likanyamaza.

Kimya hicho si kosa la mtoto. Mtoto hujua aliloelezwa. Wajibu uko kwa mwalimu anayemfundisha, na kwa mtumishi wa umma ambaye mtoto humwona kila siku ofisini akitenda kazi kwa jina la Serikali. Wote wawili hawana budi kujua, na kueleza kwa lugha nyepesi, kwamba kwa mwaka mmoja kamili Tanganyika huru ilikuwa na Malkia.

Mwaka wa Malkia

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza iliteremshwa na bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Nchi ikawa huru, yenye Bunge lake na Waziri Mkuu wake, Mwalimu Julius Nyerere. Lakini Katiba ya siku hiyo haikumfanya Waziri Mkuu kuwa mkuu wa nchi. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye tangu siku hiyo aliitwa Malkia wa Tanganyika. Yeye mwenyewe hakuja katika sherehe. Alimtuma mumewe, Prince Philip. Na kwa kuwa makao yake yalikuwa London, mahali pake nchini palishikwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana wa mkoloni tangu 1958.

Singida wakati huo haikuwa mkoa. Wilaya za Singida, Iramba na Manyoni zilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati, lenye makao yake Dodoma. Mkulima wa Iramba aliyeuza mtama wake mwaka 1962 alilipwa kwa noti za Afrika Mashariki zenye picha ya Malkia. Sheria iliyopitishwa na Bunge Dar es Salaam ilimfikia baada ya kukubaliwa kwa jina la Malkia. Hata hivyo Malkia hakuitunga sheria hiyo, wala hakuijadili. Hapo ndipo penye fumbo ambalo mtoto anapaswa kufumbuliwa.

Mzee wa ukoo na kamati

Njia iliyo rahisi ni kuanzia nyumbani. Ukoo unapokuwa na shughuli kubwa, mzee wa ukoo huketishwa mahali pa heshima. Shughuli huitwa yake, wageni humwamkia yeye kwanza, na hakuna neno linalohesabiwa limekwisha mpaka yeye aseme, "Nimeridhia." Lakini mzee hachukui daftari la michango, hapangi wapishi, wala haendi mnadani kutafuta ng'ombe. Kazi hizo hufanywa na kamati. Kamati ina mwenyekiti wake, na mwenyekiti hujibu kwa wale waliochanga. Kamati ikitapanya fedha, waliochanga huivunja na kuweka nyingine. Mzee hubaki pale pale.

Ufalme wenye Bunge huendeshwa kwa namna hiyo. Mzee ni mfalme au malkia. Kamati ni Baraza la Mawaziri, na mwenyekiti wake ni Waziri Mkuu. Waliochanga ni wananchi, ambao husema kwa vinywa vya wabunge waliowachagua. Mfalme humwita mtu mwenye kuungwa mkono na wabunge walio wengi, akamkabidhi kazi ya kuunda Serikali. Muswada ukishasomwa, ukajadiliwa na kupitishwa na Bunge, mfalme huukubali ukawa sheria. Hutenda hayo kwa ushauri wa mawaziri wake, wala si kwa hiari yake. Kwa maneno mengine, jina la utawala liko kwa mmoja, na kazi ya utawala iko kwa wengine, na wanaofanya kazi ndio wanaoulizwa.

Ushahidi wa mwaka ule

Historia ya Tanganyika yenyewe inatoa ushahidi. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya kuchaguliwa, na hata kile kimoja kilichobaki kilichukuliwa na mwana-TANU aliyesimama peke yake. Kwa hiyo hapakuwa na shaka ni nani aitwe kuunda Serikali. Lakini tarehe 22 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akaimarishe chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Wananchi hawakupiga kura. Malkia hakubadilika, wala Gavana Mkuu hakubadilika. Serikali ilipata kiongozi mpya kwa siku moja, na yote yakawa halali, kwa sababu wabunge walio wengi walikuwa nyuma ya Kawawa kama walivyokuwa nyuma ya mwenzake.

Mtoto akielewa tukio hilo, ameelewa jambo zima. Ataelewa pia kwa nini Uingereza, katika mwaka 2022 peke yake, ilikuwa na mawaziri wakuu watatu, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, bila uchaguzi mkuu hata mmoja kufanyika mwaka huo. Na ataelewa habari za Lesotho, nchi iliyomo pamoja na Tanzania katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambako Mfalme Letsie wa Tatu ni mkuu wa nchi, na Serikali iko mikononi mwa Waziri Mkuu.

Kwa nini mzee aliondolewa

Mtoto mwenye akili atauliza: ikiwa utaratibu ulikwenda vizuri hivyo, kwa nini uliachwa? Swali hilo halifai kujibiwa kwa kaulimbiu. Mfano wa mzee wa ukoo una mpaka wake, na mwalimu mwema atauonyesha mpaka huo. Mzee wa ukoo amezaliwa katika ukoo na hula chungu kimoja na wenziwe. Malkia wa Tanganyika alikuwa pia Malkia wa waliokuwa wakiitawala Tanganyika juzi. Mwananchi aliyepigania Uhuru aliona taabu kuamini kuwa ameupata, hali jina lililo juu ya sheria zake ni lile lile la jana.

Kwa sababu hiyo, katika mwaka 1962 Bunge lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba likatunga Katiba ya Jamhuri. Wananchi walipiga kura tarehe 1 Novemba kuchagua Rais. Mwalimu Nyerere alipata asilimia 98 ya kura dhidi ya Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Tarehe 9 Desemba 1962 Gavana Mkuu alikoma kuwapo, na Rais akaanza kazi. Mwaka uliofuata sheria iliondoa madaraka ya machifu na watemi, ambao mkoloni alikuwa amewatumia kutawala wilaya, Singida zikiwamo. Hivyo mamlaka ya kurithi, ya ng'ambo na ya nyumbani, yaliondolewa katika muda wa miezi michache. Malkia Elizabeth alipozuru Tanzania Julai 1979 alikuja kama mgeni na Mkuu wa Jumuiya ya Madola.

Zanzibar nayo ilipita njia hiyo, kwa uchungu zaidi. Ilipopata Uhuru tarehe 10 Desemba 1963 mkuu wa nchi alikuwa Sultani Jamshid bin Abdullah, na Waziri Mkuu alikuwa Mohamed Shamte. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP kwa pamoja vilipata 18, vikaunda Serikali. Kwa hesabu ya viti, utaratibu ulifuatwa. Kwa hesabu ya watu, walio wengi walibaki nje. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliondoa Sultani na Serikali pamoja. Fundisho kwa mtoto ni kwamba utaratibu wa Bunge husimama pale ambapo wananchi wanaamini kuwa viti vinasema walichosema wao.

Viti viwili vilipokuwa kimoja

Kuna jambo moja ambalo mara nyingi huachwa hata na wanaoijua habari hii. Jamhuri ya 1962 haikumwondoa Malkia tu. Iliunganisha viti viwili. Kazi za mzee wa ukoo na kazi za mwenyekiti wa kamati ziliwekwa kwa mtu mmoja, Rais, ambaye ni mkuu wa nchi na mkuu wa Serikali pia. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake: nchi changa ilitaka sauti moja, na Rais huyo alichaguliwa na wananchi, wala hakurithi. Lakini kila linalounganishwa huhitaji lijamu mpya. Waziri Mkuu wa mwaka 1962 angeweza kuondolewa siku yoyote ambayo wabunge walio wengi wangemwacha. Rais haondoki kwa njia hiyo. Chini ya Katiba ya 1977, Bunge linaweza kumshtaki Rais kwa utaratibu mzito wenye kamati ya uchunguzi na theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa Waziri Mkuu, kura ya kutokuwa na imani naye ya wabunge walio wengi inatosha.

Kwa watoto wa Singida jambo hili halina haja ya kutafutiwa mfano wa mbali. Novemba 2025 Bunge lilithibitisha uteuzi wa Mwigulu Nchemba, mbunge kutoka Iramba, kuwa Waziri Mkuu. Mtoto wa Kiomboi au Manyoni aliyesikia habari hiyo ana haki ya kuuliza: je, Waziri Mkuu huyu ni sawa na Kawawa wa 1962? Jina ni lile lile, na madaraka siyo. Kawawa wa 1962 alikuwa mkuu wa Serikali, akaitwa na Gavana Mkuu aliyekuwa hana hiari. Waziri Mkuu wa sasa huteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo, huthibitishwa na Bunge, kisha husimamia kazi za kila siku za Serikali chini ya Rais. Mtoto asiyeujua mwaka 1962 hawezi kuiona tofauti hiyo, na mtu mzima asiyeiona hajui malalamiko yake ayapeleke kwa nani.

Somo la viti darasani

Somo hili halihitaji vitabu vingi. Mwalimu wa darasa la sita anaweza kuweka viti vitatu mbele: cha Gavana Mkuu, cha Waziri Mkuu na cha Spika. Darasa lililobaki ni Bunge. Ulete muswada wa jambo wanalolijua, kama vile adhabu ya mwenye ng'ombe wanaoingia katika shamba la alizeti la shule. Wabunge wabishane, wapige kura, na Gavana Mkuu atie sahihi hata kama yeye hakuupenda. Kisha wabunge wamkatae Waziri Mkuu, na waone anavyotoka bila ugomvi, mwingine akaitwa. Mwisho mwalimu aondoe viti viwili, aweke kimoja na kukiita cha Rais, halafu aulize: sasa huyu amewekwa na nani, na anajibu kwa nani? Mjadala utakaofuata utazidi faida ya kukariri tarehe kumi.

Mtumishi wa umma naye ana lake la kuchukua. Serikali zilibadilika mwaka 1961, na tena 1962, na tena 1964 kwa Muungano, na katika yote hayo karani wa wilaya aliendelea kuandika, mganga aliendelea kutibu, na mwalimu aliendelea kufundisha. Cheo cha juu kilibadili jina na mwenyewe. Utumishi kwa mwananchi haukubadilika. Mtumishi anayelijua hilo hatautumia muhuri wa ofisi kana kwamba ni mali aliyoirithi.

Nchi iliyoondoa mamlaka ya kurithi haiwezi kukubali ujinga uwe wa kurithi. Watoto wa Singida waambiwe wazi kwamba Uhuru na Jamhuri ni hatua mbili, kwamba kati yake palikuwa na Malkia asiyetawala na Bunge lililotawala, na kwamba wazazi wa taifa waliufunga mlango huo kwa kura na kwa sheria. Wakiyajua hayo, watajua pia kuuliza kila kiti cha leo kimewekwa na nani.