Kazi Iliyo Chini ya Ardhi



Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa jamaa zetu hapa Marekani alitujia kutaka shauri. Alikuwa amepata kazi ya kuratibu ujenzi wa njia za simu za nje, yaani nguzo, nyaya, mikongo na chemba zote zilizoko nje ya jengo la mitambo. Mama yake alihuzunika, akidhani mwanawe anakwenda kuchimba mitaro. Nasi, kwa kiburi cha ualimu, tukamshauri arudi chuoni akasomee kazi yenye jina. Alitushukuru kwa adabu, akaenda kazini.

Mwezi wa Aprili uliopita tulikusudia kupanda mtofaa nyuma ya nyumba. Jembe tunalo mkononi, kijana akapita kutuamkia.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeshapiga 811?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alilipokea jembe kwa upole, akatueleza.

Namba hiyo, iliyoanza kutumika nchi nzima mwaka 2007, hupigwa bure na yeyote anayetaka kuchimba, awe kampuni au mwenye nyumba, siku chache za kazi kabla ya kuanza. Wenye mabomba na nyaya hutuma watu kutia alama za rangi juu ya ardhi: nyekundu ni umeme, manjano ni gesi, rangi ya chungwa ni simu, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji machafu. Nyaya alizozifukia mwenye nyumba mwenyewe kwa kawaida hazitiwi alama. Hizo azikumbuke mwenyewe.

Tukapiga. Siku ya tatu mstari wa manjano ulipita palepale tulipotaka kuchimba. Tuliutazama, tukawafikiri wajukuu waliokuwa wakicheza barazani.

Hapo ndipo tulipomwuliza kijana habari za kazi yake. Hutafuta vibali vya mji, huafikiana na wenye nguzo kabla waya haujatundikwa, huwapanga mafundi, na huhakikisha alama zimetiwa kabla ya mtaro kufunguliwa. Lakini lililo zito, alisema, huja kazi ikiisha. Mchoro umesema mkongo upite hapa. Jiwe limeulazimisha upite kule. Mratibu akiona uvivu kuisahihisha ramani, uongo ule utakaa miaka chini ya ardhi, hata siku mchimbaji mwingine aukate, na mtaa mzima ukose simu, pengine hata ya kuwaitia wagonjwa msaada. Saa ile ya kuandika, hakuna amwonaye ila Mola wake.

Tunapozungumza na wazee wetu nyumbani, sauti zao huvuka bahari kwa mikongo ya aina ile iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, lakini hatua za mwisho hupita katika mitaro na nguzo za mitaa kama huu wetu. Anayezitunza ametunza amana yetu sote.

Tumemwomba radhi kijana, na mama yake pia. Enyi wazazi, mtoto akileta kazi msiyoijua jina, mwulizeni kwanza amekabidhiwa nini.

Mtofaa tuliupanda upande wa pili wa ua, nao umeshika.