Kishikio cha Kabati Hakihitaji Jicho
Na Muthoni wa Ruring'u

Sifa kubwa anayopewa seremala katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, ni kwamba ana jicho. Anautazama mlango wa kabati, anaweka alama ya penseli, anatoboa. Sifa hiyo imetuharibia jikoni nyingi. Hoja yangu wiki hii ni nyembamba, na wanaosubiri niiseme bajeti ya kaunti watanicheka: mahali pa kutoboa tundu la kishikio pasiamuliwe na jicho la mtu yeyote, awe hodari namna gani. Paamuliwe na kiolezo, yaani kipande cha ubao kilichopimwa na kutobolewa mara moja kisha kikatumika kwa milango yote, na mteja akubali kukilipia.

Tatizo linaanzia kwenye vipimo vyenyewe. Mbao zetu huuzwa kwa futi na inchi: mtu huagiza sita kwa moja, na bao zima la MDF ni nane kwa nne. Vishikio navyo huja kwa milimita, na umbali kati ya tundu na tundu mara nyingi ni 96, 128 au 160. Namba hizo hazikuokotwa njiani. Zote zinagawanyika kwa 32, kipimo kilichoshika mizizi katika viwanda vya samani vya Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili mashine zitoboe kwa mpango mmoja. Fundi aliyezoea inchi akipima kishikio cha 128 husoma inchi tano, na inchi tano ni milimita 127. Milimita moja ni nini? Ni skrubu inayokataa kuingia. Basi anaichezesha drili, tundu linapanuka, skrubu inaingia, na baada ya miezi michache kishikio kinatikisika kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Zamani kosa hilo lilikuwa na dawa. Kwenye saipresi unachonga kijiti, unakitia gundi, unaziba, unapiga msasa, na vanishi inasitiri yaliyobaki. Lakini serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao ziliadimika na bei ikapanda. Rais Ruto alitangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, ila kufikia hapo jikoni za MDF yenye ngozi ya melamini zilikuwa zimeshazoeleka. Ngozi hiyo haizibiki. Ukikosea, ama mlango unatupwa, ama kinatafutwa kishikio kikubwa kuliko kilichoagizwa ili kifunike aibu. Kwa hiyo jicho lile lile lililotosha kwa saipresi sasa lina gharama ambayo halikuwa nayo.

Kuna watakaosema kiolezo kinaua ufundi na kumgeuza seremala kuwa mashine. Mimi nawaomba watazame shamba la kahawa la Tetu au Mathira. Miti ya SL28 ilipandwa futi tisa kwa tisa, na mashimo hayo hayakupimwa kwa macho, yalifuata kamba. Hakuna aliyemwona mkulima aliyetumia kamba kuwa mkulima nusu. Ufundi wake ulionekana kwenye kupogoa, kazi ambayo kamba haiwezi kuifanya. Na jicho la mwanadamu lina kituko chake: ni kali sana kugundua mstari uliopinda, lakini ni dhaifu kuuchora ulionyooka. Ndiyo maana fundi haoni kosa akiwa anatoboa, ila mgeni analiona akiwa ameketi na kikombe cha chai ng'ambo ya meza. Hali huwa mbaya zaidi pale kila kishikio kinapopimwa kutoka kile kilichotangulia, kwa kuwa makosa madogo yanarithishana hadi mlango wa mwisho. Kiolezo chenye kingo mbili hukumbatia pembe ya kila mlango na kuanza upya. Kwa mlango wa upande wa pili kinageuzwa tu.

Uamuzi wa kweli unabaki, na hapo ndipo ningependa mafundi wetu wabishane. Droo tatu zilizopangana, ya juu nyembamba na ya chini yenye kina, vishikio vikae katikati ya kila droo au vyote viwe umbali sawa kutoka ukingo wa juu? Wengi huchagua katikati. Mimi nachagua ukingo wa juu, kwa sababu kishikio cha katikati kwenye droo ya chini kinamtaka mama mwenye magoti mabovu ainame zaidi bila faida yoyote. Na droo pana ya milimita 900, yenye vishikio viwili kila kimoja milimita 225 kutoka upande wake, hupendeza machoni. Lakini watu huvuta kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili umeshika sufuria. Droo inakwenda upande. Msimu wa baridi wa gathano, ukungu ukikaa Nyeri siku nzima na mbao zikivimba, droo ya reli za mbao ikivutwa hivyo hukwama papo hapo. Kishikio kimoja kirefu, katikati, kingefaa zaidi.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la bei. Fundi wa jua kali analipwa kwa kabati, si kwa saa, na mteja huyo huyo anayelalamikia vishikio vilivyopinda ndiye aliyempunguzia hela hadi akakimbilia kazi nyingine kabla gundi haijakauka. Kweli kabisa. Ila kiolezo hutoka kwenye masalio ya mbao ambayo tayari yako sakafuni, na muda wa kukitengeneza unarudi kufikia mlango wa tano au wa sita, kwa kuwa penseli na futi vimeshawekwa kando. Kikiandikwa 128 na kutundikwa ukutani, mteja anayefuata anakikuta tayari. Mteja naye, kabla ya kulipa arbuni, aombe kuona kishikio kikibandikwa kwenye mlango mmoja kwa utepe wa karatasi wenye gundi, afungue na kufunga hewani, ndipo drili iwashwe.