Barobaro, wajua Kilindini palikuwa mji?

Mgeni wako akishuka kutoka Nairobi au Kisumu akakwambia, "Nionyeshe Mombasa," utampeleka wapi? Pirates, si ndiyo? Kisha mtapita Moi Avenue mpige picha chini ya zile pembe, mrushe TikTok, siku iishe. Sikatai, raha mumepata. Lakini mchanga upo hata Diani, na hizo pembe ziliwekwa miaka ya 1950 kuilaki familia ya kifalme ya Uingereza. Mombasa yenyewe bado hamjaiona.

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hiki waweza kukimaliza kwa miguu siku moja. Anzia Liwatoni. Wengi wa rika letu walilishika jina hili 2021, pale daraja la kuelea la waenda kwa miguu lilipofunguliwa kupunguza msongamano wa feri ya Likoni. Simama hapo uangalie maji, meli na makreni. Upande huu wa kisiwa palikuwa na mji ulioitwa Kilindini. Sisemi bandari, nasema mji, wenye watu na wazee wake. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa. Wao na Tisa Taifa ndio wakawa Thenashara Taifa, yaani mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa. Baadaye Wakilindini walihamia upande wa Mvita, na mji wao ukabaki mahame. Leo ukitaja Kilindini, kila mtu anawaza kontena.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Jina laweza kubaki na mji ukapotea, ikiwa waliozaliwa hapo hawana habari nao. Kilindini ni ushahidi, na Mji wa Kale nao umeshaingia kwenye foleni.

Twende basi. Kutoka Liwatoni, fika Mbaraki. Pana mnara wa mawe ya matumbawe ambao umesimama karne nyingi, kando ya msikiti. Magari yanapita hapo kila siku na abiria wako kwenye simu. Shuka mpaka Mama Ngina, chini ya mibuyu, ununue muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu, utazame meli zikiingia. Ukimaliza kula, fuata barabara hadi Fort Jesus.

Ngome hii Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu 1696 wakaitwaa 1698. Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958, na 2011 UNESCO ikaitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini usidhani mji ulianza na Mreno. Ibn Battuta alipita hapa 1331, akaandika kuhusu ndizi na ndimu, na misikiti ya mbao yenye kisima na kata mlangoni, watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Hiyo ni zaidi ya miaka 160 kabla ya Vasco da Gama kuonekana na jahazi zake 1498.

Na tulikuwa mji mkuu pia, usisahau. Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki 1895, makao yalikuwa Mombasa. Reli ilianza hapa 1896. Nairobi ilikuwa kinamasi tu wakati huo, na ilipewa ukuu 1905.

Sasa ingia Mji wa Kale kwa barabara ya Ndia Kuu. Hebu lisome tena hilo jina. Kiswahili cha shule kingesema "Njia Kuu". "Ndia" ni Kimvita, lugha ya bibi yako kama wewe ni wa hapa. Mwaka 1928 wakubwa wa kikoloni walikutana papa hapa Mombasa, wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kikabaki nyumbani, kwenye mashairi na taarabu, na kwenye kibao cha barabara unayopita bila kukisoma.

Wala mashairi hayo si ya wazee peke yao. Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka 22 alipoandika "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968. Alifungwa hadi 1972. Jela alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatoka 1973 kama kitabu, *Sauti ya Dhiki*. Mtoto wa Mombasa huyo, umri wako.

Najua utanijibu nini. "Bro, historia hailipi kodi ya nyumba." Kweli, mambo ni magumu. Lakini ebu tazama nani anakula kwa historia hii. Mtalii anapanda basi hotelini, anazungushwa Fort Jesus kwa saa moja, anarudishwa. Pesa zimebaki kwa mwenye basi. Wewe uliyekulia Kibokoni au Majengo, unayejua nyumba gani inapika mahamri na mbaazi za maana na kichochoro gani kinatokea bandari ya zamani, umekaa barazani unangoja mchongo. Mchongo ndio huo umekupita na kamera shingoni!

Huku nako nyumba zinaenda. Mji wa Kale unalindwa kisheria, lakini sheria haikarabati paa. Kurekebisha nyumba ya matumbawe na chokaa ni ghali, na familia nyingi hazina uwezo huo. Roshani inaoza, mlango wa nakshi unauzwa, na ghorofa ya simiti inapanda. Serikali ya kaunti na Makavazi ya Kitaifa wana wajibu wao, na tuwadai. Ila ni vigumu kudai kitu usichokijua jina.

Kwa hivyo Jumamosi hii acha Pirates ipumzike. Chukua marafiki watatu, muanzie Liwatoni, muishie Ndia Kuu mkinywa kahawa chungu. Kiingilio cha ngome kwa Mkenya ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Mkiona mzee barazani, mwamkueni "shikamoo", kisha mumuulize nyumba ile ilikuwa ya nani. Rekodini kwa hizo hizo simu. Video moja ya mzee akisema Kimvita safi itaishi kuliko mia za pembe za Moi Avenue.

Msipomuuliza nyinyi, hakuna atakayemuuliza. Wajukuu wenu watasikia "Mji wa Kale" wadhani ni jina la maduka, kama vile nyinyi mlivyodhani Kilindini ni kontena.