Ratili, kilo na dagaa wa Katonga

Ndugu mwandishi, hesabu yako ya kugeuza ratili kuwa kilo ni sahihi, ila kwetu Katonga, tunakouza dagaa, inahitaji nyongeza. Ratili moja ni gramu 453.6, kwa hiyo kilo ni ratili 2.2. Frasila, iliyotumika kupimia pembe za ndovu Ujiji enzi za misafara, ilikuwa ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Sasa mnunuzi wa nje akikutajia bei kwa ratili, usigawe ili kupata bei ya kilo, zidisha kwa 2.2: shilingi 10,000 kwa ratili ni kama 22,000 kwa kilo. Ukigawa, umeshaliwa. Na sado, kopo tunalopimia dagaa, si kipimo cha uzito kabisa, ni cha ujazo. Dagaa wadogo hushikamana, wakubwa huacha nafasi, hivyo uzito wa sado moja hubadilika. Jamani, tudai mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo.