Mbwa Anayeanguka: Tusikimbilie Rungu

Ndugu msomaji, mbwa akianguka chini, akatupa miguu na kutoka povu mdomoni, wewe hufanya nini? Katika vijiji vingi jibu ni rungu na mawe. Watu husema, "Huyu ana kichaa, auawe." Mbwa hufa, watu hurudi makwao, na mambo huonekana yamekwisha.

Mimi sikubaliani na desturi hiyo. Nyumbani kwetu tunaye mbwa wa namna hiyo. Jina lake ni Askari, na hajatimiza miaka miwili. Ana kifafa. Majirani wamenishauri mara nyingi nimmalize. Sijafanya hivyo. Nitakueleza sababu, nawe uzipime mwenyewe.

KICHAA SI KIFAFA

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na pengine aliyekuwa mkali huwa mpole kupita kiasi. Hutangatanga, huuma ovyo hata vijiti, sauti yake hubadilika, na mate humtoka kwa sababu hawezi kumeza. Mwisho hupooza na kufa. Kwa kawaida hazipiti siku 10 tangu dalili zianze.

Kifafa hakiambukizi. Ubongo ndio unaotoa amri kwa viungo vya mwili. Kifafa kikija, amri hizo huvurugika. Mbwa huanguka, hukakamaa, hutikisika, na pengine hujikojolea. Mara nyingi hali hiyo huchukua dakika moja au mbili. Akiamka huwa kama amelewa. Hugonga ukuta, hutafuta maji na chakula. Baadaye hurudia hali yake, hubweka na kulinda kama jana. Kwa mbwa wengi kifafa cha namna hii huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6.

Yako na mambo mengine yanayoangusha mbwa. Sumu ni moja. Ugonjwa wa distempa ni mwingine. Mtoto wa mbwa akipona distempa anaweza kubaki na mguu unaotikisika maisha yake yote. Usiudharau ugonjwa huo. Mwaka 1994 uliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti.

Basi, mtu asiyejua atatofautisha vipi? Hawezi, na wala asijaribu peke yake. Kwa hiyo nasema wazi: mbwa asiyechanjwa akianza kuanguka, mchukulie kuwa ana kichaa mpaka mtaalamu aseme vingine. Ondoa watoto. Usimshike. Kama unaweza kumfungia mlango bila kumgusa, mfungie. Kisha mwite bwana mifugo.

Askari alipoanguka mara ya kwanza nilifanya hivyo, ingawa alikuwa amechanjwa. Nilimfungia bandani. Bwana mifugo alimtazama, akaniambia nisubiri na nimchunguze. Siku 10 zilipita. Askari alikuwa anakula, anakunywa na kutikisa mkia. Hapo tukajua si kichaa.

KUISHI NAYE

Kumfuga mbwa wa kifafa kunataka utaratibu. Akianguka, mimi huondoa vigoda na vyungu vilivyo karibu. Kama yuko karibu na moto au kisima, humvuta kwa miguu ya nyuma. Siweki mkono wala kijiko mdomoni mwake. Mbwa hamezi ulimi wake, lakini anaweza kukung'ata bila kujua. Simmwagii maji. Watoto nimewafundisha wakae mbali na wanyamaze. Akiamka, tunamwacha apumzike kwanza.

Hapa kisomo kimenisaidia sana. Ninalo daftari. Kila Askari anapoanguka naandika tarehe, saa, na dakika alizokaa chini. Nilipompelekea bwana mifugo daftari hilo, aliona kwamba anaanguka mara kwa mara, ndipo akaamua apewe vidonge vya fenobabitoni. Anapewa asubuhi na jioni kila siku. Vidonge hivyo haviponyi kifafa. Vinapunguza kuanguka. Ni hatari kuviacha ghafla, maana kifafa hurudi kwa nguvu. Tena usimpe mbwa dawa ya mtu kwa kukisia kipimo.

Mbwa akipita dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla hajaamka, hilo ni jambo la haraka. Mtafute mtaalamu wakati huo huo.

Askari tumemhasi, kwa sababu kifafa cha mbwa kinaweza kurithiwa. Sisemi kila mtu anaweza kununua vidonge kila mwezi. Si kila mbwa anavihitaji pia. Anayeanguka mara chache sana anaweza kuishi bila dawa. Kama mtaalamu atasema mbwa anateseka na afadhali auawe, auawe bila mateso. Ninachokataa ni kuua kabla ya kuuliza.

RUNGU HALIZUII KICHAA

Wengine watasema, "Huyu anahurumia mbwa kuliko watu." Sivyo. Hebu fikiri. Mkimwua mbwa na kumtupa porini, nani atajua kama alikuwa na kichaa? Nani atamtafuta mtoto aliyeng'atwa jana? Mbwa wengine aliowauma wataendelea kutembea kijijini.

Kinachozuia kichaa ni chanjo. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hushindwa kuenea. Kwa hiyo siku ya chanjo ikitangazwa, peleka mbwa wako wote, hata watoto wa mbwa.

Na mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Chanjo ya kumwokoa mtu aliyeng'atwa ilianza kutumika mwaka 1885, kwa kazi ya Louis Pasteur wa Ufaransa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Usingoje.

WATOTO WANATUTAZAMA

Liko jambo moja linaloniuma zaidi. Mtoto akiona watu wazima wanamponda mawe mbwa anayetoka povu, anajifunza nini? Anajifunza kwamba anayeanguka ni wa kuogopwa. Kesho mwenzake darasani akianguka kifafa, atamkimbia.

Hayo yametokea kwetu. Huko Mahenge, katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alikuta watu wenye kifafa wametengwa. Watu waliogopa mate yao. Wagonjwa waliangukia motoni na kuungua, na wengine hawakuthubutu kuwashika. Alianzisha kliniki na kuwapa dawa, na wengi walipata nafuu. Kifafa cha mtu hakiambukizi kwa mate wala kwa kuguswa. Mtu akianguka, mwondoe penye hatari, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na ubaki naye mpaka azinduke. Kisha apelekwe zahanati.

Askari bado anaanguka mara moja moja. Zamani watoto wangu walipiga kelele na kukimbia. Siku hizi mmoja huondoa vigoda, na mwingine huenda kuchukua daftari.

Ndugu msomaji, jadilianeni katika kikundi chenu cha kisomo: Je, mbwa wa kijiji chetu wamechanjwa? Mbwa akianguka leo, nani ataitwa? Na je, yuko mtu kijijini mwetu mwenye kifafa ambaye tunamwogopa bure?