Ukijani Ndani ya Pipa la Maji



Huku kwetu Tandale, maji ya bomba yakitoka kila mama hukimbilia kujaza ndoo, madumu na pipa la uani. Pipa likiachwa wazi juani, baada ya siku kadhaa huota utelezi wa kijani. Wengine husema, "Hayo ni majani ya maji tu, hayana neno." Je, ni kweli?

Shuleni tulifundishwa kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Lakini si mchicha na mwembe tu wanaoifanya. Mwani nao huifanya, hata ule wa rangi nyekundu au kahawia ambao akina mama wa Unguja wanaulima kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wapo pia bakteria wa kijani-buluu, wadogo mno, ambao ni chakula kikuu cha heroe wadogo wa Ziwa Natron. Uyoga, ingawa huota ardhini, hauwezi. Wenyewe hula vilivyokufa na kuoza.

Basi, utelezi wa pipani ni mwani au bakteria hao. Mwani wa kawaida hauna madhara makubwa, lakini baadhi ya bakteria wa kijani-buluu hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo maji yaliyogeuka kijani usimpe mtoto, hata yakichemshwa. Yapeleke chooni.

Viumbe hivi huishi kwa mwanga, vinyime mwanga. Sugua pipa kwa brashi na sabuni, lisuuze, liweke kivulini na ulifunike vizuri. Dumu jeupe usiliache juani. Mfuniko huo utawazuia pia mbu wa homa ya dengue, iliyolikumba jiji letu mwaka 2014 na 2019.

Lakini tusijidanganye. Vijidudu vya kipindupindu havihitaji mwanga. Vyaweza kukaa katika maji meupe pe, ndani ya pipa lililofunikwa. Kufunika ni kazi moja, kuchemsha ni nyingine. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yachotwe kwa kata safi yenye mpini, si kwa mkono wa mtoto.