KARANI WA NYUMBANI SI KIBARUA

Ndugu wafanyakazi,

Nina watoto wawili, mkubwa wa miaka 6 na mdogo wa miaka 3. Mama yao alifariki. Mimi ni karani wa hesabu za mizigo katika reli, na kwa miaka miwili nilikuwa nikitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala, nikirudi usiku wamelala tena. Yaya alipoondoka bila kuaga, nilimwomba mkubwa wetu ruhusa ya kufanyia hesabu zile nyumbani. Akakubali, na kwa hilo namshukuru hata leo.

Sasa, baada ya miezi mitatu, nimeletewa barua. Mshahara wa mwezi umekwisha, nitalipwa kwa kila hati. Likizo hakuna. Posho ya nyumba hakuna. Stima na intaneti ni juu yangu. Nawauliza, kimebadilika nini? Hati ni zile zile, karani ni yule yule. Kilichobadilika ni kiti tu, tena kiti chenyewe ni changu!

Wasema nimependelewa kukaa na watoto. Waje waone. Mchana hesabu moja naianza mara tatu, maana mdogo ataka uji, na mkubwa amerudi shuleni ameumia goti. Kazi yenyewe naifanya wakilala, saa tatu mpaka saa saba za usiku.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 10, yasema masharti ya kazi yakibadilika, tajiri ashauriane na mfanyakazi na kumwarifu kwa maandishi. Maandishi nimeyapata, mashauri sikuyaona. Na Mkataba namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1996, wataka afanyaye kazi nyumbani atendewe sawa na wenzake, katika malipo na katika haki ya kuingia chama. Machi 2020, korona ilipoingia na serikali ikataka watu wafanyie kazi nyumbani inapowezekana, ofisini kwetu hakuna aliyeitwa kibarua. Mbona mimi?

Ndugu wengine nao wana lao. Kilabuni husema fulani amekuwa mama, amefungiwa jikoni. Haya, semeni. Lakini barua hii ikipita kwangu, kesho itapita kwa yule dada wa ofisi ya mishahara anayelea peke yake. Na tajiri akishaona karani wa nyumbani ni rahisi namna hii, atamweka nani ofisini kwa mshahara kamili? Ninyi mnaocheka?

Barua sijaitia sahihi. Nimeambiwa nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nataka wajumbe wa tawi waende nami kwa mkubwa, na akina dada wa ofisi ya mishahara wawepo, maana jambo hili ni lao kuliko langu. Kwanza tukutane Jumapili saa nane, na msinikasirikie nikija na watoto.

Karani wa Mizigo